Kehar Singh, Mshonaji wa Mabawa

Ndugu, jamaa na majirani, karatasi hii nimepewa niisome mimi, Partap Kaur, shemeji wa marehemu, kwa kuwa dada yangu Nihal sauti imemkauka, nami yangu, kama mjuavyo, haijawahi kukauka.

Marehemu Kehar Singh alizaliwa tarehe 9 Novemba 1911, kijijini hapa karibu na Jagraon, akasoma hadi darasa la sita, kisha akapelekwa Lahore kujifunza ufundi kwenye karakana ya reli. Aprili 1933, kikosi cha kwanza cha ndege cha Wahindi kilipoanzishwa Karachi, alichukuliwa kuwa askari wa anga, kazi yake kutunza mabawa, ambayo siku hizo yalikuwa ya kitambaa, yakishonwa kwa sindano na kupakwa dawa ya kukaza, ndipo mama yake akawa anaulizwa kisimani, "Mama Kehar, mwanao ni askari au fundi cherehani?" naye akijibu, "Wako ana bunduki, mbona kifungo kimemshinda?"

Kikosini ilikuwa desturi kwamba aliyeshona bawa apande mwenyewe ndege ikijaribiwa, naye kwa miaka minne alipanda nyuma ya rubani mmoja, Sorab Kapadia, Mparsi wa Bombay, mcheshi, aliyezoea kumwambia, "Sardarji, ukishona ovyo tunaanguka wote, kwa hiyo shona kama unajishonea shati."

Tarehe 14 Machi 1937 alifunga ndoa na dada yangu, akiwa likizoni, na siku zile zile huko Miranshah, mpakani, Sorab akaruka na fundi mwingine, kujaribu bawa ambalo Kehar alilianza na yule akalimalizia, wala ndege haikurudi, telegramu ikatufikia vyombo vya harusi havijaoshwa.

Walijaliwa binti mmoja, Tejwant, aliyezaliwa Ambala tarehe 2 Juni 1940, na marehemu akatumikia jeshi hadi alipostaafu mwaka 1961, mtu mpole, asiyegusa pombe, ila tangu telegramu ile, ndani ya basi, sinemani, hata kwenye gari la farasi, aliketi peke yake, dada yangu akakaa nyuma kama mgeni, watu wakasema wamegombana, mimi nikasema kuwashinda watu, kumbe ugomvi haukuwepo, wala mazungumzo hayakuwepo, na dada akaishi na swali moja, kama mumewe alijuta kumwoa.

Alianza kuugua kifua mwaka 1986, akalazwa Ludhiana Januari mwaka huu wa 1988, na huko wodini dada akalitoa swali lake, "Baba Tejwant, ungelijua ndege haitarudi, ungekuja kunioa, au ungepanda na Sorab?" Mumewe akasema, "Ningepanda." Msinikodolee macho, ni Nihal mwenyewe aliyetaka niyasome, kwani asema ndilo neno la kwanza mumewe alilompa bila kumwonea haya, kisha dada akamchana nywele, akamfunga kilemba, akaketi kitandani ubavuni pake, naye hakusogea. Alifariki tarehe 3 Februari.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, askari wastaafu mliotoka mbali, na majirani mliokesha mkipika dengu na chapati, hata wewe uliyezidisha chumvi.

Shemeji, pumzika kwa amani, na kama Sorab yuko huko, panda, dada hana kinyongo.