Wadudu Wema wa Dada Adolphine

Ndugu wapendwa mliokuja kulia nasi hapa Baraka, mimi ni Isidore, mdogo wake marehemu Adolphine, jamaa wamenituma niwasomee maisha yake, nami nasoma huku akili yangu haijatulia.

Dada alizaliwa Makobola tarehe 4 Mei 1912, ndivyo kadi yake ya ubatizo inavyosema, lakini kadi yangu mimi niliyemfuata inasema 1911, basi mtuhurumie. Alisoma miaka mitatu kwa masista, akaolewa na Nicolas, mvuvi, tarehe 9 Juni 1930, wakazaa Marie mwaka 1932 na Albert mwaka 1935.

Januari 1949 alianza kazi ya kupika katika nyumba ya wagonjwa ya misioni, na huko munganga Bonaventure akamwambia kwamba tumboni mwa kila mtu mnakaa wadudu wasioonekana, tena wamo walio wema, wanaotusaidia, na chakula chao ni mabaki ya matunda tunayokula. Tangu hapo dada akawa anakausha ndizi mbivu na mapapai juu ya mkeka, akiwagawia wote waliofunga choo, na wengi wenu mlikula mkapona, msiangalie chini.

Tarehe 3 Agosti 1957 tumbo lilimkamata, likamwendesha siku tatu, Bonaventure yule yule akampa vidonge vya kuua wadudu, akatuagiza asile kitu ila uji. Dada akauliza, "Na bale bazuri, nani atabapa chakula?", akiwaza wale wadudu wake wema. Kila asubuhi aliniomba ndizi kavu moja tu, nami, kwa kumpenda, nikalificha kapu lake la ndizi ndani ya sanduku langu, nikamwambia panya wamezimaliza.

Alifariki tarehe 11 Agosti, saa tatu asubuhi. Jana jioni nilimwuliza Bonaventure kama ndizi ingemuua ao ingemponya, akasema hajui, kwa maana vidonge havichagui wadudu. Munganga mwenyewe hajui, mimi nitajuaje?

Hata hivyo tunamshukuru Bonaventure, aliyekuja kila siku bila kuitwa, tunawashukuru majirani waliotuchotea maji, na wapishi wenzake waliomwosha na kumvika.

Dada, panya hawakula kitu, nilikudanganya, ndizi zako ziko zote, hakuna hata moja iliyopungua. Unisamehe, upumzike kwa amani.