Gari la Dakika Mbili

Kijiwe chetu kiko kati ya mlango wa kinyozi, ambaye ni mimi, na geti la fundi saa. Benchi letu si la kubeza. Kwenye vijiwe vingine watu wanakalia matofali, sisi tuna viti viwili vyekundu vya ngozi vilivyofungwa kwa bolti juu ya ubao mrefu, na kile cha kushoto ukivuta kishikio kinalala nyuma mpaka unaona mawingu. Vilitoka wapi, hakuna anayeuliza. Mtu haulizi ukoo wa kiti alichokalia. Tunagombea tu kile kinacholala, na anayechelewa anakaa kwenye ubao na kunung'unika. Ukikaa hapo geti la fundi saa likiwa wazi, unaona banda lake, na ndani ya banda unaona gari. Gari la spoti hilo, la zamani, milango miwili, pua ndefu. Mwenyewe tunamwita Dakika Mbili, kwa sababu tangu enzi ambazo nywele zangu hazijaanza kunikimbia, ukimuuliza gari litatoka lini, anakujibu: "Dakika mbili tu." Kabureta ameisafisha kwa mswaki. Skrubu amezipanga kwenye visahani vya chai, kubwa huku ndogo kule, kama za saa. Amefunga breki mpya, shokapu mpya, redio mpya. Sakafu iliyokuwa imeliwa na kutu ameikata akachomelea nyingine. Kutembea tu ndiko kulikobaki.

Siku hiyo mambo yalikuwa makali. Mkewe, ambaye ni shemeji yetu sote, alikuwa ametoa neno mbele ya mtaa mzima: alasiri ya leo gari limpeleke kwa binti yao akamwone mjukuu aliyezaliwa juzi, la sivyo mtu wa vyuma chakavu aje alibebe, na banda liwe jiko lake la kuoka mikate. Wala hakuwa anatania. Tanuri keshalinunua, liko barazani, na mtu wa vyuma keshapigiwa simu. Sisi tulikuwa tumekaa tunasubiri kuona nani atatangulia, gari au mwenye kulizika.

Dakika Mbili akatoka bandani, uso umemshuka.

— Haliwaki, akasema.

— Haliwaki vipi? nikamuuliza.

— Nazungusha ufunguo, kimya. Hata kukohoa halikohoi.

Redio alikuwa amelala chali kwenye kiti cha kushoto. Huyu ni dalali wa nyumba, na jina amelipata kwa sababu hazimwi.

— Fungua boneti tuone, akasema bila kuinuka.

— Boneti haifunguliwi! Nimeipaka nta asubuhi, nimeisugua mpaka najiona meno. Nyie na vidole vyenu vya kahawa mtaniachia alama.

— Sasa tutajuaje ugonjwa bila kumpima mgonjwa?

— Semeni tu. Ninyi si mnajua kila kitu?

Kwa kweli hapo alikuwa ametuweza. Tukaanza.

— Hizo ni plagi, akasema Misemo, seremala wetu, aliyekaa kiti cha kulia. — Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Plagi moja imekufa, zilizobaki zipo msibani.

— Plagi ni mpya, Dakika Mbili akasema.

— Ndiyo hivyo. Kinyonga huzaliwa mpya.

— Methali gani hiyo? nikamuuliza.

— Ya kwetu.

Nikaona niokoe jahazi kabla halijazama. Mimi nilikuwa kwenye ubao, na mtu aliye kwenye ubao hana subira.

— Sikilizeni. Tatizo ni kwamba jamaa amebadilisha vitu vingi mno. Breki siyo zake, honi siyo yake, taa siyo zake. Gari halijijui! Mimi niliwahi kumnyoa mzee mmoja ndevu zote, akarudi kwake mbwa wake mwenyewe akamfukuza mpaka barabarani.

— Sasa gari ni mzee au ni mbwa? Redio akauliza.

— Usinivuruge.

— Hapana, tuelewane. Kama ni mbwa, anamfukuza nani?

Mama Kahawa akapita na birika lake, akatujazia vikombe. Yeye haingilii mijadala yetu. Anasema tukikubaliana atafilisika.

Redio akapiga funda, akakohoa kidogo. Tukajua sasa inakuja habari ya dunia.

— Mimi sikutaka kuwatisha, lakini acha niseme. Wale waliolitengeneza hilo gari, huko kwao, wana kitu angani. Kinazunguka. Kikiona gari la zamani, kinalizima. Pap! Ili tununue mapya.

— Kinalionaje, na gari limo bandani? Misemo akauliza.

— Rangi! Kwa nini walilipaka jekundu? Umejiuliza?

— Lilikuwa jeupe, Dakika Mbili akasema. — Jekundu nimepaka mimi.

— Basi ndiyo umejichoma mwenyewe!

Misemo akatikisa kichwa polepole, kama watu wenye busara iliyochelewa.

— Mambo ya angani hayo mnatafuta mbali. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Ukimaanisha nini?

— Namaanisha hivyohivyo. Nguoni.

— Haina uhusiano hata kidogo, nikamwambia.

— Utaona.

Sasa Redio hakubali mtu mwingine amalize mjadala. Akavuta kishikio, kiti kikamwinua, akakaa wima kama hakimu.

— Haya, ukweli wenyewe huu hapa, na asinune mtu. Gari hilo ni mke mwenza.

— Eti?

— Dakika Mbili, jibu kwa haki. Unashinda na nani mchana kutwa? Unamsugua nani kwa kitambaa laini? Unamwimbia nani?

— Siimbi. Napiga mluzi tu.

— Unampigia mluzi! Halafu leo, bila hata kumwandaa, unamwambia ambebe mke mkubwa wakamwone mjukuu wa mke mkubwa. Ungekuwa wewe, ungewaka?

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Misemo akasema mpanda ngazi hushuka, na kwa hiyo mtu aende akaliombe gari radhi. Cha ajabu, Dakika Mbili alikwenda. Mtu mzima mwenye mjukuu! Akainama karibu na taa ya mbele, akanong'ona vitu tusivyovisikia. Kisha akafungua mlango, akapanda, akakaa juu ya ndoo yake ya rangi iliyofunikwa kichwa chini, ile anayoikalia siku zote akifanya kazi humo ndani, akazungusha ufunguo. Kimya.

Akarudi. Safari hii hakusimama, alichuchumaa chini ukutani, na kicheko chetu kikakatika chenyewe.

— Nyie mnacheka, akasema. — Mnajua siku tuliyooana tulikwenda nyumbani na nini? Basi. Limejaa. Mwenzangu kavaa nguo yake ya harusi, kasimama njia nzima, kashika bomba la juu, watu wanamkanyaga pindo. Hakusema kitu. Nikamwambia, mke wangu, iko siku nitakununulia gari zuri, utakaa kama malkia. Na hilo ndilo gari. Leo linabebwa na mtu wa vyuma na yeye hajawahi kupanda hata mara moja.

Redio alitazama ndani ya kikombe chake. Mimi nilimwonea huruma, nasema wazi, na nikajiona mjinga na mbwa wangu wa ndevu.

Hapo ndipo shemeji akatokea. Alikuwa amevaa nguo yake ya heshima, mkoba begani, manukato yanatangulia. Mikononi amekumbatia kitu kizito kilichofungwa kwenye taulo.

— Baba, akamwita mumewe. — Hiki kinatafuta nini kwenye kabati langu la nguo?

Akafunua taulo. Betri ya gari.

Tukageuka sote kumtazama Dakika Mbili. Alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

— Saa usiyoivaa unatoa betri, akasema kwa sauti ndogo. — Isije ikavuja, ikaharibu mashine. Ndiyo kazi yetu. Jana nilipomaliza nikaitoa, nikaiweka pasipo na vumbi.

— Juu ya vitenge vyangu.

— Nguoni! Misemo akaruka. — Si nilisema nguoni! Nani alibisha hapa? Nani?

Dakika Mbili alikuwa keshainyakua betri, anakimbia nayo bandani, na nta ya boneti ameisahau kabisa. Akafunga nyaya, akarukia juu ya ndoo, akazungusha ufunguo.

Gari likanguruma. Jamani! Lilinguruma mpaka vikombe vikacheza juu ya ubao, na mteja wangu niliyemwacha nusu kichwa akatoka nje na shuka shingoni. Dakika Mbili alikuwa analia waziwazi, anapiga honi, anacheka. Shemeji alisimama palepale akijifanya anarekebisha mkoba, lakini nilimwona akitabasamu.

Katikati ya kelele hizo pikapu ya mtu wa vyuma ikasimama mbele ya geti.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! Misemo akampokea.

— Nyamaza wewe, Redio akamnong'oneza. — Huyu kaja kuzika.

Mgeni mwenyewe alikuwa mtu mpole, mafuta mpaka viwikoni. Alisikiliza injini kichwa kimeinama, akaitikia kama anasikiliza wimbo anaoupenda.

— Hili silibebi, akasema. — Gari kama hili kulikata ni dhambi. Safari yangu imepotea, lakini hongereni.

Tukampigia makofi. Akalizunguka gari mara moja kwa mapenzi tu, akachungulia dirishani, mkono juu ya macho. Akachungulia tena. Akageuka.

— Samahani, wazee wangu. Naomba kuuliza.

— Uliza, ndugu! Redio akasema. — Hapa hakuna kinachotushinda.

— Mama atakaa wapi?

Akatufungulia mlango wa upande ule, tukachungulia kutoka pale tulipokaa. Usukani upo. Redio mpya ipo. Zulia limefagiliwa. Na katikati ya zulia, Dakika Mbili juu ya ndoo ya rangi. Upande wa pili hapana kitu, ila matundu ya bolti.

— Si kuna... Dakika Mbili akaanza, akaishia hapo.

Mimi ndiye niliyekumbuka kwanza, na heri ningekumbuka wa mwisho. Siku ile alipotaka kukata sakafu ya kutu, alikuja na viti viwili vyekundu, kimoja kila kwapa. "Nishikieni hivi," akasema. "Dakika mbili tu." Tukamshikia. Tukavishika mpaka Misemo akaleta ubao na bolti ili visiyumbe, na mwenyewe akawa anakuja kukaa juu yake jioni, anakunywa kahawa na kutusimulia habari za gari lake.

Redio, aliyekuwa ameshalala chali tena, akavuta kishikio taratibu. Kiti kikamwinua.

Shemeji alitutazama mmoja mmoja, akatazama viti, akaturudia.

— Kumbe, akasema.

Neno hilo moja tu. Hakutufukuza, hakutusimanga, wala hakusema inukeni. Tuliinuka wenyewe, haraka, kama tumekalia moto. Misemo akakimbilia spana zake akafungua bolti alizozifunga kwa mkono wake. Mimi nilileta kitambaa changu safi nikafuta madoa ya kahawa na nywele za watu, na nilifuta kwa bidii kuliko ninavyofuta kiti cha wateja. Mtu wa vyuma aliingia mvunguni mwa gari kwa hiari yake akakaza upande wa chini. Ndoo ya rangi ilitupwa nje.

Shemeji akapanda. Akakaa, akaegemea, akakunja pindo la nguo yake vizuri pasipo na wa kulikanyaga. Halafu kwa bahati mbaya akavuta kishikio, kiti kikalala nyuma naye, miguu juu, na akacheka. Miaka yote ya ujirani nilikuwa sijawahi kumsikia mama yule akicheka namna ile.

— Tunarudi sasa hivi! Dakika Mbili akatupigia kelele. — Dakika mbili tu!

Gari likatoka getini, likakata kona, honi ikilia mpaka ikaisha.

Tukabaki na ubao wenye matundu. Mama Kahawa akaja na birika la moto.

— Mbona mmesimama kama mnangoja basi? akauliza. — Si mkae.

Tukatazamana. Misemo alifungua mdomo kutoa methali, akatafuta, akaufunga.

— Tumiminie hivihivi tumesimama, Redio akasema. — Na siyo sana. Mwenye viti amesema dakika mbili.