Simu Nyekundu ya Doña Herlinda

Kitendawili! Nawasikia mnaitikia "tega" huko jikoni kwenu. Haya: mlango hauna kufuli, taa yake haizimwi, mbwa hakuna, lakini jirani akivunjiwa nyumba haendi kuugonga. Mlango gani huo?

Kaeni nao kidogo, nitaurudia.

Wasikilizaji wapendwa, Herlinda Ocampo amefariki. Alifariki Jumapili, akiwa na miaka sabini na mmoja. Ni yule Doña Herlinda, Bi Herlinda wetu, wa duka la tortilla, zile chapati za mahindi, kando ya reli, hapa hapa Alder Flat. Wengi wenu mmekuzwa na tortilla zake.

Alifika bonde hili akiwa na miaka kumi na tisa, kuchuma matufaha. Alianguka ngazini mara mbili. Ya pili akasema, "Mti umenifukuza mara mbili, sisubiri ya tatu," akaenda kusaga mahindi. Akafungua duka. Ukutani akatundika simu nyekundu yenye waya wa kujisokota.

Simu hiyo ndiyo habari yenyewe.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, Rigoberto, mpogoaji wa miti ya matufaha, aliibiwa gari. Akawapigia polisi, kama mtu yeyote. Polisi wa mji wakaja, wakamwomba hati za kuishi nchini. Hakuwa nazo. Wakamweka rumande, wakawaita maafisa wa uhamiaji wa serikali kuu, nao wakamchukua. Gari lilipatikana siku ya nne. Rigoberto hatukumwona tena. Mkewe alilikuta gari limeegeshwa kituoni, linamngoja mwenyewe.

Tangu siku ile, upande wetu wa reli haukuwapigia tena polisi. Ulipiga dukani. Jiko limelipuka? Herlinda. Mlango umevunjwa? Herlinda. Alijua nani ana gari, nani aliwahi kuwa muuguzi, nani ana kifua cha kuamulia ugomvi. Na kila simu aliiandika kwenye karatasi ya kufungia tortilla, akaichomeka kwenye msumari mrefu.

Marisela, binti wa kaka yake, alifanya naye kazi dukani. Ananiambia, "Shangazi alikuwa anakanda huku simu iko begani. Unga kwenye simu, simu kwenye unga. Tulimcheka: Shangazi, ipo siku utampimia mtu simu kwa kilo!"

Sasa sikilizeni kosa lilivyofanyika. Mkuu wa polisi wa mji, Dale Haugen, alisimama mbele ya baraza la mji akajipongeza. Alisema upande wetu huu wa mashariki wa reli, mwaka mzima, hakuna wizi, hakuna kipigo. Alidhani kimya ni amani. Watu wakampigia makofi.

Doña Herlinda alikuwa nyuma, bado amevaa aproni. Akaja mbele na msumari wake, akaanza kuchomoa karatasi moja moja. "Februari, nyumba ya Ledesma imevunjwa. Machi, imevunjwa tena. Aprili, Amparo amevunjwa taya na mumewe, mchana kweupe. Amengoja masaa matatu gari la mchungaji limpeleke hospitali."

Makofi yakaishia mikononi.

Diwani mmoja akapaza sauti: "Mama, unataka tuwafiche wahalifu?"

"Mwanangu, mwizi mshike. Mume wa Amparo mfunge, na kufuli nitakuletea mimi. Namwombea aliyeibiwa, aweze kuwaita polisi." Akamgeukia mkuu wa polisi. "Nikikupigia simu, Mkuu, anakuja nani?"

Dale akakuna shingo. "Sheria za uhamiaji sikuzitunga mimi, Doña Herlinda."

"Sikukuuliza nani kazitunga. Nimekuuliza anakuja nani."

"Nitakujibu."

Hakujibu. Baraza hukutana Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Miezi kumi na minne Doña Herlinda alienda, theluji au jua, na swali lile lile. Dirisha la duka likapigwa jiwe. Akaziba tundu kwa karatasi, akaendelea kuuza. Nilikwenda naye mara nyingi, na nikilalamikia magoti yangu ananiambia, "Twende, bibi wa redio. Magoti hayapigi kura."

Mwezi wa kumi na nne baraza likapiga kura. Wanne ndiyo, watatu hapana. Narudia, kwa aliyekuwa anamimina kahawa: wanne ndiyo. Polisi wa mji wetu haulizi hati za mtu aliyeomba msaada. Wala hamweki mtu rumande kwa ajili ya uhamiaji pasipo karatasi yenye sahihi ya jaji. Kazi ya serikali kuu waifanye watu wa serikali kuu. Mwizi anakamatwa kama kawaida.

Lakini, wapendwa, sheria iliandikwa siku moja, na woga ulikuwa na miaka. Simu nyekundu iliendelea kulia. Marisela mwenyewe aliogopa. Hati hana mpaka leo. Ameniambia niseme, basi nasema.

Na ule mlango? Mmeshaujua. Ni mlango wa kituo cha polisi. Walioshindwa nipeni mji, na mji ninaoutaka ni huu huu wetu.

Marisela, na ukoo mzima wa Ocampo, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Rozari inasaliwa dukani siku tisa, njooni na viti vyenu. Na wewe unayenisikiliza, jiulize: jirani yako akinyamaza, ana amani au ana woga? Nenda kamwulize. Usingoje baraza.

Namalizia na Jumamosi.

Asubuhi ile Doña Herlinda alianguka kando ya mashine ya tortilla. Marisela akarukia simu nyekundu. Sasa ampigie nani? Siku zote watu walimpigia Herlinda, na Herlinda yuko chini. Akawapigia polisi. "Nilitaja jina langu lote," ananiambia, "la baba na la mama."

Gari la wagonjwa lilikuwa mbali. La kwanza kufika lilikuwa la polisi. Dale Haugen aliingia, akavua kofia, akapiga magoti kwenye unga. Kwa Marisela alikuwa na swali moja tu: "Ameanguka saa ngapi?"

Doña Herlinda alikuwa amefumba macho. Alisikia viatu. Akauliza, kwa sauti ndogo, swali lake la Alhamisi:

"Anakuja nani?"

Mkuu wa polisi akamshika mkono.

"Nimekuja mimi, Doña Herlinda. Mimi tu."