Mwezi wa Kumpelekea Mama

Benchi la mbele ya studio ya picha lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa chuma. Huo wa chuma aliuweka Cheche, fundi wa kuchomelea, na tangu siku hiyo hukalia upande huo kama mwenye hati ya kiwanja. Pembeni yake hukaa Betri, fundi simu, anayejua kufungua kila kitu. Kufunga anamwachia Mungu. Shangazi, muuza kahawa, huweka birika lake katikati ili asikose neno. Mwenye studio wanamwita Pasipoti, maana umri wake wote ameumalizia kuwaambia watu wasicheke. Jioni hiyo mbele ya benchi ilisimama darubini ya shule anayofundisha binamu yake Pasipoti. Kesho asubuhi ilitakiwa darasani. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya maghala, na nusu ya mwezi ilikwisha jitundika juu ya mapaa.

Yote yalianzia chumba cha nyuma ya studio. Mama yake Pasipoti alivunjika nyonga, na dirisha lake linatazama ukuta wa ghala. Juzi alimshika mwanawe mkono akamwambia, “Mwanangu, watu wote wamekuja kunijulia hali. Mwezi tu ndio haujaja.” Pasipoti alitoka akajifuta macho kwa kitambaa cha lenzi. Aliazimia kuupiga picha, aichapishe kubwa, aitundike miguuni pa kitanda. Aliomba anga jeupe, Mwenyezi Mungu akampa. Hakukumbuka kuombea na majirani.

— Hii ni sahani, alisema Betri akichungulia kioo cha kamera. Sahani ya chai, kaka. Nyeupe pee, tena imevunjika nusu. Si ungengoja mwezi ujae?

— Nusu ndiyo nzuri, alijibu Pasipoti. Vivuli vya milima vinaonekana. Ukijaa unakuwa bapa. Hapa tatizo ni mwanga, umezidi. Unataka kichujio. Binamu kanipa cha kijivu, cha njano, na hiki cha vioo viwili. Ukikizungusha, mwanga unapungua upendavyo.

— Vichujio vyote hivyo! Cheche alicheka. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwezi unajitembeza kila siku ya Mungu, leo unataka kuuvalisha miwani ya duka? Chukua kioo changu cha kuchomelea. Hicho kimeona moto.

Pasipoti, kwa kutotaka ugomvi, akakishika mbele ya darubini.

— Umeona nini? aliuliza Cheche.

— Ndimu. Ndimu iliyosahauliwa kabatini.

— Basi inaonekana!

— Mnahangaika bure, alisema Betri. Tatizo ni kamera. Kamera yako ina jicho moja kama sindano. Simu hii ina macho manne. Penye wengi hapaharibiki neno.

— Macho manne, darubini ina tundu moja. Utaingiza jicho lipi?

— Yatapokezana.

— Mimi kamera yangu naivua lenzi, naivalisha pete hii, naichomeka hapa. Darubini yenyewe inakuwa lenzi.

— Inavishwa pete kabisa? aliguta Shangazi. Na posa alipeleka nani?

Hata Pasipoti akacheka, ingawa mkono wake ulikuwa unazungusha kirungu cha kuisogezea darubini. Mwezi haukai, ukiuacha kidogo umekwisha toka.

— Sikilizeni, alisema Betri. Mabingwa hawapigi picha moja. Wanarekodi video, halafu kompyuta inachagua vipande vilivyotulia, inavipanga kimoja juu ya kingine. Mtikisiko wa hewa unapotea.

Pasipoti aligeuka kumtazama. Neno hilo lilikuwa kweli tupu. Bahati mbaya Betri hakuishia hapo.

— Tena ukivipanga vingi sana, unaupata na upande wa nyuma.

— Fleshi je? aliuliza Cheche. Umezima fleshi? Ndiyo maana! Mwezi haujui kama unapigwa picha.

— Mwanga wake wenyewe mtumba, alisema Shangazi akimimina. Umevaliwa na jua kwanza. Na mtumba hauchujwi, jamani. Mtumba unafuliwa.

— Jamani! Pasipoti alipaza sauti. Mama anangoja!

Cheche akaweka kikombe chini.

— Usitupigie kelele, ndugu yangu. Mama yako ni mama yetu. Kile chuma anachojishikia kitandani alikiweka nani?

— Wewe. Nisamehe.

— Nimekusamehe. Sasa washa fleshi.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Akatoka dada mmoja na mfuko begani, mgeni pale kijiweni. Hospitali ilimtuma kumnyoosha mama mguu. Aliwasalimu, akauliza ile mitambo ni ya nini. Wakamweleza wote kwa pamoja: sahani, ndimu, macho manne, mtumba. Akawasikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Akatazama juu, akautazama na mlango.

— Mbona mama leo kakaa kitini na mimi, akaniambia nyonga yangu ndiyo mbovu? Kwa nini hamumtoi nje?

Betri alifungua kinywa, akakifunga. Mara ya kwanza kufunga kitu vizuri. Cheche aliitazama mikono yake inayobeba mageti. Pasipoti alikumbuka daktari alivyosema asitikiswe, lakini hayo yalisemwa kidonda kikiwa kibichi, na hakuna aliyerudi kuuliza. Kila asubuhi alimwomba Mungu amwinue mama yake. Kila jioni alimkaza shuka asiinuke.

— Naogopa, alisema.

— Basi tuogope tukiwa tumembeba. Leteni kiti chenye mikono.

Dada akaelekeza, Cheche akashika nyuma, Betri mbele, Pasipoti akaushikilia mguu kama yai. Sauti ya mama ilitangulia kutoka.

— Polepole! Mimi si geti!

Wakamweka usawa wa darubini, Pasipoti akaichomoa kamera na kutia kijicho, kile kipande cha kuchungulia. Akainama, akaweka jicho, akarudi nyuma ghafla.

— Ala! Inachoma!

— Njano! alisema Betri.

— Kioo changu! alisema Cheche.

Pasipoti alikwisha kuchomoa kijicho cha darubini na kukifungia kichujio cha kijivu. Kwa mara ya kwanza jioni hiyo hakumuuliza mtu.

— Hiki hakibadili rangi, mama. Kinashusha mwanga tu.

Mama akaweka jicho tena. Akakaa hivyo muda mrefu, mkono wake umeshika mkono wa mwanawe, na Pasipoti akawa anazungusha kirungu taratibu kwa mkono wa pili, mwezi usimtoke. Kamera ilikuwa imelala kwenye benchi pamoja na pete yake.

— Umekonda, alisema mama kwa sauti ya chini, na hakuwa akisema na mtu wa benchi. Na makovu yote hayo. Pole, mwenzangu.

Cheche akakitia kioo chake mfukoni, akasogea ili asimkingie mwezi.