Kamera ya Mtaliano

Mwaka ule wa Imajensi, serikali ilipotangaza hali ya hatari, wanywaji wa benchi la Swaleh muuza kahawa, pale Ruiru, walimeza haraka wawahi kafyu. Githinji, mchonga mawe, alibaki na kikombe chake. Tajiri wake wa machimbo, Mtaliano Bwana Piero, alikuwa amemwambia: "Githinji, kesho kuja na bibi. Kamera tayari." Sasa mkewe Waceke avae gauni la Jumapili, ama afunge vyombo? Kule laini, vyumba vya wafanyakazi wa machimbo, walilala chumba kimoja na familia nyingine, gunia likiwa ndilo ukuta, na Githinji alikuwa ameomba nyumba tangu harusi.

— Kamera ni ya picha, alisema Swaleh. Mpake mama mafuta, basi.

— Picha ya nini? Githinji akauliza. Huyo hata mbwa wake hajampiga picha.

— Ngoja, akasema Philip kutoka mwisho wa benchi, aliyewapikia mapadri wa Kitaliano hadi naye akaitwa Padri. Kwao kamera ni chumba. Kila asubuhi, "Filipo, fagia kamera!" Kwani nilikuwa nafagia picha?

Githinji akajawa na furaha. Chumba!

— Mwingereza ndiye aliharibu, Padri akaendelea. Alikuta chumba cha giza kinaonyesha picha, akabeba jina, akaacha chumba.

— Mwingereza? Aache chumba? Swaleh akanong'ona.

Gachanja, aliyeketi kando yake, akakohoa. Aliwahi kufagia kortini, ndiyo maana wakamwita Jaji.

— Hamjui kitu. Kesi ikiwa "in kamera", sisi wote tunafukuzwa nje, mtu anahukumiwa kwa siri. Githinji, umeitwa wewe na bibi yako.

— Ati Piero ni korti? Githinji akauliza.

— Samaki mkunje angali mbichi! akajibu Jaji. Serikali inaanza na wachonga mawe.

— Na haraka haraka haina baraka, Swaleh akaongeza. Kwa hivyo toroka saa hii.

Hakuna aliyecheka. Githinji aliogopa kweli. Siku hizo watu walikuwa wameitwa kwa neno dogo kuliko hilo, na hawakuonekana tena.

Waceke akatokea na mzigo wa kuni mgongoni, akautua. Githinji akamweleza yote: picha, chumba, korti.

— Sawa, alisema Waceke. Hiyo kamera, mlango unafungwa kutoka ndani, ama nje?

Githinji akamtazama Padri. Padri akamtazama Jaji. Swaleh akaanza kukusanya vikombe, hata vile ambavyo havijaisha. Waceke akainama, akabeba tena kuni zake mgongoni.