Pembe ya Gramafoni ya Bibi Recheli

Benchi letu hapa Ng'ambo ya Tabora, mbele ya karakana ya Xavery, lina akili kuliko vyuo vitatu. Nikikaa mimi, vyuo kumi. Jumamosi hiyo tulikuwa na birika la kahawa na gramafoni ya Bibi Recheli, sanduku la mninga lililolala miaka stoo kule Sikonge. Bibi anaitaka leo leo, asikie santuri ya kwaya aliyoimba marehemu mumewe. Tumeijaribu, inaimba kama mtu kafunikwa godoro. Na juu haina pembe. Xavery, fundi seremala, kashika keekee, anangoja tumwambie atoboe wapi apachike pembe ya bati.

— Pembe imeibwa, akasema Luhende, Profesa wetu kwa ajili ya miwani yenye kioo kimoja.

— Ipo ndani, akasema Masele. Huyu tunamwita Injinia, aliwahi kuwabebea ngazi mafundi umeme. Gramafoni za kwanza zilikuwa na pembe nje, kama ua la boga. Baadaye wakaikunja, wakaifungia tumboni.

— Kwa nini?

— Wapagazi. Toka pwani mpaka hapa, pembe inakwama kila mti. Ikifika Tabora imeshakuwa sahani.

— Wapagazi gani wewe, akasema Profesa. Mzungu alilala Sikonge chini ya mzinga, akasikia nyuki wanavuma ndani ya gogo. Kaiba wazo, hata asante hakutuma.

— Kama ipo ndani, mbona haisikiki? akauliza Xavery.

— Imezeeka, akasema Injinia. Hata ya ng'ombe inazeeka.

Nikaona wanamaliza kahawa bure.

— Babu yangu alikuwa na ya pembe ya nje. Akiipiga hapa, ng'ombe wa Nzega wanageuka. Ya ndani ni ya watu wenye aibu. Xavery, toboa juu, katikati.

— Una uhakika, kaka?

— Toboa.

Akatoboa. Tukapachika bati. Godoro lilelile, sasa na bati linatetemeka.

Bibi Recheli akatokea.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba, wajukuu zangu.

Akainama mbele ya sanduku, santuri ikiwa bado inazunguka, akafungua vile vilango viwili tulivyodhani ni kijikabati cha sindano; nyuma yake mdomo wa pembe. Kwaya ikamwagika mpaka barabarani, na chini yake sauti moja nzito ya mwanaume. Bibi akaisikiliza mpaka ikaisha, kiganja juu ya mninga.

Kisha akaling'oa bati letu, akatia kidole.

— Na hili tundu ni la nini?

Profesa akavua miwani. Injinia akachungulia birika, tupu. Xavery akanitazama mimi.