Kigingi cha Ndama

Mama Chep: Haloo? Ni nani?

Waithera: Haloo, Mama Chep. Chamgei? Ni mwalimu Waithera, mwalimu wa Jerotich.

Mama Chep: Chamgei mising, mwalimu! Ongea kwa nguvu, huku juu mtandao unakuja ukienda.

Waithera: Nimeita majina asubuhi, Jero hayuko.

Mama Chep: Ako na homa.

Waithera: Pole. Jana alikuwa anakimbia uwanjani kama swara. Mama Chep, nimepiga kwa sababu ya daftari lake. Wiki hii tunasoma kufupisha Kiingereza. Do not inakuwa don't. Cannot inakuwa—

Mama Chep: Can't. Ile ya kigingi! Hunifundisha nikisonga ugali. Herufi ikitolewa, unapiga kigingi, ile alama ndogo ya juu, pale ilikuwa imesimama.

Waithera: Ndiyo! Kama kile kinachobaki ng'ombe akishafunguliwa.

Mama Chep: Akaniambia kuna mtoto alikuuliza, sasa kwa neno ng'ombe ni herufi gani ilitoka?

Waithera: (akicheka) Aliniuliza kweli. Mwalimu Makhanu wa darasa jirani alicheka mpaka akaegemea pikipiki yake. Lakini nisikize, mama. Jumatatu, juu ya ukurasa, aliandika Jerotich. Jumanne akaandika Jeroti'. Nikaona ni mzaha, nikamwekea alama nyekundu. Jumatano ikawa Jero'. Jana—

Mama Chep: Mwalimu...

Waithera: Jana ni J'. Herufi moja na kigingi. Leo hayuko. Haloo? Unanisikia?

Mama Chep: Nakusikia. Jero hana homa, mwalimu.

Waithera: Na kwa insha, ile ya My Family, amewaandika wote. Mahali pa dada yake Chepchirchir hakuna jina. Ni kigingi tu, kimesimama peke yake. Nikamuuliza, Jero, hii ni nini? Akaniambia, "Teacher, si ulisema kinaonyesha kuna mtu alikuwa hapa?"

Mama Chep: Chep wangu alienda kazi ya nyumba, Nakuru. Sue ndiye alimpeleka. Simu ya mtoto imezimwa tangu Agosti. Nikimuuliza Sue, ananijibu mtoto amezoea mjini, nisimsumbue.

Waithera: Sue ni nani? Jamaa yenu?

Mama Chep: Mwanamke tu wa kutafutia watoto kazi. Alikuja na maneno matamu, baba yao akakubali.

Waithera: Na Chep ana miaka mingapi?

Mama Chep: Kumi na minne.

Waithera: Jero ana kumi na miwili! Mama, huyo Sue amesema atarudi li—

Mama Chep: Ngoja. (sauti ya gari) Ngoja kidogo... Ndiyo, ndiyo! Ndama bado yuko!

Waithera: Ndama?

Mama Chep: Si yule wa pili unayemuulizia? Yuko. Lakini kuna mteja mwingine amefika sasa hivi. Anashuka kwa gari.

Waithera: Hapana, mama, mimi sijaulizia nda— Ai. Huyo mteja yuko karibu na wewe?

Mama Chep: Sana.

Waithera: Ni yeye alimchukua wa kwanza?

Mama Chep: Huyo huyo. Mwenye boma ameshamkubalia. Mimi nimekataa mpaka sauti imeisha.

Waithera: Wanaondoka saa ngapi?

Mama Chep: Akimaliza chai tu. Watapitia kwa kiwanda cha majani chai, pale kwa kizuizi cha barabara. Wewe uje na yule mzee wa kofia. Yeye anajua kukagua ndama.

Waithera: Chifu?

Mama Chep: Eeh, mwenye kofia.

Waithera: Nakuja naye. Wacheleweshe, mama. Moto uzimike, sukari ipotee, chochote—

Mama Chep: Mwalimu.

Waithera: Niko hapa.

Mama Chep: Hapa kwangu niko na kigingi kimoja. Nikiamka nakiona, nikilala nakiona. Usiniachie cha pi— (mkwaruzo, simu inanyang'anywa)

Waithera: Mama Chep? Haloo?

Sue: Haloo? Ni nani?

Waithera: Ni... ni mnunuzi wa ndama.

Sue: Ooh. Ndama! Na ni wa rangi gani?

Waithera: Wa... kahawia.

Sue: Kahawia. (akicheka polepole) Zizi la huyu mama liko tupu tangu mwaka jana, mwalimu.

Waithera: Kama liko tupu, kigingi kiko. Na mimi nimekiona. Sue, huyo mtoto yuko darasa langu, jina lake liko kwa kitabu changu. Nisikize, dada, mwache tu—

Sue: Sauti nzuri uko nayo. Endelea kufundisha.

Waithera: Chep yuko wapi?

Sue: Jero! Lete begi. Chai tutakunywa mbele ya safari.

Waithera: Sue! Haloo? Haloo! (simu imekatika) ...Makhanu! Makhanu, acha hiyo chai, washa pikipiki!